Waya Niliouchomoa Dakika ya Tatu

Kosa langu kubwa la kwanza kazini nililifanya kwa kufuata kanuni. Nilikata simu ya mtu ilipotimia dakika tatu kamili, naye alikuwa amevuta pumzi ili ampe binti yake jibu alilolingoja kwa wiki nzima. Jioni ya siku hiyo hiyo mtu huyo alikuwa maiti. Binti aliniuliza laini imekuwaje, nikamwambia ni mvua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwa miaka kumi iliyofuata binti huyo akawa rafiki yangu kuliko wote, na sikumwambia.

Nawaandikia ninyi vijana mliobaki kwenye mtambo mpya, mlioniuliza siku ya kuniaga kazi ya opereta ilikuwaje. Nilijibu "nzuri tu," nikala biskuti zenu, nikaondoka. Jibu hilo limeninyima raha tangu siku ile. Najua pia kwamba mstaafu wa miaka thelathini na miwili ni kichekesho. Mama yangu bado anawaambia majirani kwamba nipo likizo. Lakini miaka hii ya ruksa na kupunguza wafanyakazi imestaafisha wengi ambao hata mvi hawajaota, na sisi maopereta tulikwenda pamoja na ubao wetu.

Sikusomea simu chuoni. Niliingia kituo cha Njombe kama tarishi, na cheti cha darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata watu majumbani na kuwaambia waje posta saa fulani, kuna simu yao. Wakati wa chakula nilikaa nyuma ya maopereta nikitazama mikono yao. Kulikuwa na kitabu cha mafunzo cha Kiingereza ambacho walikitumia kuzuia dirisha lisibamizwe na upepo. Nilikiazima, nikaweka jiwe mahali pake. Nilikisoma kwa kamusi miezi minane, na nisichoelewa nilikikariri hivyo hivyo. Siku opereta mmoja alipougua nikasema mimi naweza. Walicheka, kisha wakanikalisha, maana taa za simu zilikuwa zinawaka.

Siku hiyo plagi iligonga ukingo wa tundu kama meno ya mtu anayetetemeka. Walidhani ni baridi. Njombe baridi ipo siku zote, kwa hiyo sikuwasahihisha.

Ubao wenyewe hamkuuona ukifanya kazi, kwa hiyo niueleze. Ulikuwa wa mbao, mrefu kama kabati, umejaa matundu. Kila simu ilikuwa na nyaya mbili: mmoja unauchomeka kwa anayepiga, wa pili kwa anayepigiwa. Kati ya nyaya hizo kulikuwa na swichi ya kusikilizia. Laini ya kwenda Makambako ilikuwa moja tu ya kutegemewa, na foleni yake haikuisha. Kwa hiyo kanuni ilisema dakika tatu, kisha chomoa, mpe mwingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Tweve, Mkinga wa Matamba, aliyekaa kiti cha kulia tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilipewa cha kushoto. Alivaa koti zito la kijivu mvua na jua, na alikuwa na ukucha mrefu wa kidole kidogo aliousafishia matundu. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuitana.

"Hapa hatuna majina," alisema. "Ukiongea na opereta wa Makambako, yeye ni Makambako. Wewe ni Njombe. Jina lako mwachie mama yako akuitie ugali."

La pili lilikuwa kiapo. Sote tulitia saini karatasi kwamba tusikiayo kwenye laini hayatoki. Wengine walitia saini kama mtu anavyopokea sabuni ya mgao. Mzee Tweve alikishika kiapo kile kama ubatizo. Watu walisema hata mkewe alijua habari za mji kwa kuzisikia sokoni.

La tatu lilinishinda.

"Dakika tatu zikitimia," alisema, "usikimbilie waya. Fungua swichi, sikiliza pumzi. Si maneno, maneno si yako. Pumzi. Aliyeishusha amemaliza, chomoa. Aliyeivuta bado ana neno. Mwache."

"Na kanuni, mzee?"

"Andika kwenye tiketi 'kupima laini'. Laini za huku milimani zinahitaji kupimwa mno."

Kweli tiketi zake zilijaa kupima laini. Mimi moyoni nilimdharau. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huamini kitabu kuliko walimu wa watu, kwa sababu kitabu ndicho pekee kilichomfundisha. Nilinunua saa yenye mshale wa sekunde. Nilikuwa na daftari ambamo kila jioni niliandika neno "makosa", na mbele yake sifuri. Nikikosa kuandika sifuri sikupata usingizi. Bado nina tabia hiyo. Aya hii nimeiandika mara nne.

Mwaka wangu wa pili Makambako walipata opereta mpya, msichana mwenye sauti ya kicheko kilichozuiwa. Alikuwa Zuhura. Baba yake, Mzee Athumani, alihamia Makambako kutoka Kondoa, akawa msafirishaji mwenye lori moja. Haya niliyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba mwanamume aliingia kibanda cha simu cha posta Njombe, akaomba Makambako, na kabla ya kusema neno akagonga mdomo wa simu mara mbili kwa ukucha. Ta, ta. Nilikereka, maana kitabu kilikataza kugonga chombo.

Sikusikiliza. Nilifungua swichi katika sekunde za mwisho tu, kama ilivyotakiwa. Nikasikia: "Barua yako nimeisoma, Zuhura. Nimeisoma mara mbili. Kuhusu huyo Mfaume, jibu langu ni hili." Kisha akavuta pumzi. Niliisikia pumzi yenyewe, ndefu, ya mtu anayenyanyua gunia. Mshale ukafika. Nikachomoa waya wa Makambako na kumpa laini mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa akingoja.

Mzee Tweve aligeuka akanitazama.  Waya wa kibandani ulikuwa bado umechomekwa upande wangu. Aliinama, akachomeka visikilizio vyake hapo. Nilidhani anataka kumwambia yule bwana atoke. Lakini alisikiliza tu. Alifumba macho akakaa hivyo, mkono wake umeshika ukingo wa ubao, muda ambao mimi, kwa ubaya wangu, niliupima: dakika moja na kidogo. Kisha akachomoa, akachukua tiketi yangu safi, akaandika chini yake kwa mwandiko wake wa kulala: *kupima laini, dakika moja.*

Laini ilipopatikana tena Makambako aliita mwenyewe. "Njombe, nilikuwa na simu yangu. Laini imekatika?"

"Imekatika, Makambako," nikasema. "Mvua."

Na kweli nje ilikuwa inanyesha. Mzee Tweve alinisikia. Kibandani hapakuwa na mtu tena.

Mzee Athumani alikuwa njiani kwenda Manda, ziwani, kuchukua samaki. Lori lake lilipinduka kwenye miteremko ya Ludewa kabla ya jua kuzama. Simu ya kumwambia Zuhura ilitoka Ludewa ikapita kwenye ubao wetu. Niliiunganisha mimi. Niliiacha iende dakika saba. Jioni ile sikuandika sifuri, wala sikuandika moja. Niliufunga ukurasa mtupu.

Nilikuja kujua kilichokuwa kwenye barua kwa sababu Zuhura mwenyewe alinisimulia, miezi baadaye, saa za mchana ambapo laini hulala. Baba zake wadogo walimtafutia mchumba, Bwana Mfaume, mtu mzima mwenye magari mawili. Yeye hakumtaka. Alimwandikia baba yake kwamba akilazimishwa ataolewa, lakini hataki, na kwamba anaomba jibu lake yeye, si la wadogo zake. Baba alipiga simu kujibu.

"Nimebaki na 'jibu langu ni hili', Njombe," aliniambia. "Basi. Hili lipi?"

Baba zake wadogo walikuwa na jibu tayari. Walisema marehemu alikufa na hasira, na mtoto asiye na radhi ya baba hata akilima mbegu haioti. Wa kuwapinga hakuwapo. Zuhura aliolewa na Mfaume kabla ya mwaka kuisha. Aliniomba likizo yake ya harusi niifanye siri wiki moja, asije akachekwa kituoni. Nilikuwa hodari wa siri.

Tulizungumza hivyo miaka kumi, yeye Makambako, mimi Njombe, asubuhi kwa kupimana laini na mchana kwa kutaniana.

"Njombe, hapo mmeganda?"

"Tumeganda, Makambako. Na ninyi vumbi mmelipiga mswaki?"

Wakati mwingine nilifungua mdomo kumwambia. Lakini kwenye laini wapo wengine wenye visikilizio, na kumwambia Zuhura kulikuwa kuiambia ofisi: kukata kwa kanuni si kosa, kusema uongo kwenye laini ni kosa la kufukuzwa. Huo ulikuwa udhuru wangu wa mchana. Usioonekana ni kwamba sikutaka kuwa mtu mwenye kosa.

Mzee Tweve alistaafu kwa heshima, akarudi Matamba kulima viazi na pareto. Miaka michache baadaye ukaja mtambo wenu unaojiunganisha wenyewe. Ubao wetu ulizimwa siku ya Ijumaa. Nilizoea uvumo wake mdogo, kama nyuki ndani ya ukuta. Baada ya kuzimwa niliendelea kuusikia, na naomba msinicheke: wiki nzima nilikuwa nasikia pia vipande vya watu. *Haloo. Mama yuko? Haloo.* Daktari alisema ni masikio yaliyochoka.

Ndipo ikaja barua ya Upendo, binti wa Mzee Tweve. Ilisema baba yake hamtambui mtu tena, hata yeye. Anamwita "kijana". Amesahau kula, amesahau mke wake alikufa. "Lakini simu anazijua," aliandika. "Anazisema kutwa, za watu wengine, kwa sauti zao. Na kila siku anasema, Makambako subiri, simu yako haijaisha. Makambako ni nani? Kama mnamjua, njooni."

Nilikusudia kwenda peke yangu. Niliogopa hasa atakachosema. Lakini Upendo alikuta kwenye karatasi za baba yake anwani mbili, akaandika barua mbili. Nilipofika stendi ya Makambako nikamkuta Zuhura ameketi juu ya marobota yake ya mitumba, siku hizo ndiyo kazi yake, na kapu la mikate miguuni.

"Shikamoo yako hiyo hapo, umechelewa," alinitania, maana tulikuwa marika. "Njombe, mbona umepauka? Anayeumwa ni mzee, si wewe."

Tulishuka Chimala tukapanda gari la viazi linalorudi tupu. Njia ya Matamba ina kona hamsini na saba, kila mtu anajua. Zuhura alizihesabu kwa sauti. Kuanzia ya arobaini ukungu uliingia ndani ya gari tukaacha kuonana, nikawa nasikia sauti yake tu ikihesabu, kama enzi za laini. Nilitamani njia isiishe.

Upendo alitupokea kwa viazi vya moto na chai. Mzee alikuwa amelala. "Mtamwona kesho," alisema. "Zamu yake huanza saa tatu."

Saa tatu asubuhi ukungu ulikuwa umekaa uani, mweupe kama maziwa. Chini ya upenu kulikuwa na benchi, na kwenye benchi watu sita wameketi wamevua kofia.  Sikujua wamefuata nini mpaka nilipoona mbele yao.

Mzee Tweve alikuwa amewapa mgongo, koti lile lile la kijivu, ameelekea ukutani. Ukutani pameegemezwa mlango mkuukuu alioutoboa matundu safu kwa safu. Kwenye matundu zilichomekwa kamba za katani zenye vipande vya mwanzi ncha zote mbili. Safu zilikuwa zetu. Nilizihesabu kwa macho: Ludewa ilipokuwa, Songea ilipokuwa, Makambako chini kulia.

"Alitoboa kabla hajasahau kutumia keekee," Upendo alininong'oneza. "Usiiguse kamba aliyoshika. Niliichomoa siku moja nimpe uji, akaanza simu nyingine. Ile ya kwanza haijarudi mpaka leo. Na mwenye simu alikuwa hapo benchini akiisikiliza. Hasemi nami sasa."

Mzee alichomeka mwanzi mmoja, kisha wa pili. Akasema kwa sauti yake, "Matamba, zungumza." Kisha ikatoka sauti ya kijana wa kiume, nyepesi, ya haraka, ya mtu anayepiga akiwa na foleni mgongoni. Alikuwa akizungumza Kikinga. Akanyamaza. Na katika ule unyamavu bibi mmoja mwenye shali ya kijani, aliyeketi mwanzo wa benchi, akajibu polepole. Sauti ya kijana ikaendelea. Ikanyamaza. Bibi akajibu.

"Mwanawe," Upendo alisema. "Alifia Mbeya. Anamuuliza mguu umeponaje. Bibi anamwambia umepona."

Nilitazama saa. Vituo kati ya maneno ya kijana vilitosha majibu ya bibi, havikupungua wala kuzidi. Simu iliisha, mzee akashusha pumzi, akachomoa. Bibi alivaa vizuri shali yake, akasema asante kwa mlango ule, akaondoka ukunguni.

"Mchungaji alikuja kuwakataza," Upendo alisema. "Akaketi hapo mwisho kwanza, asubiri zamu iishe. Ilipoisha aliondoka zake. Kesho yake alirudi, safari hii bila Biblia."

Zuhura alikuwa amenishika mkono wa koti bila kujua. "Hizi ni simu za kweli, Njombe?"

"Sijui." Nilijua. Simu mbili zilikuwa zimefuata ile ya bibi, na ya tatu niliitambua. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Makete akiagiza chaki, niliiunganisha mwenyewe.

Kisha mzee, bila kugeuka, akasema, "Kijana. Kiti cha kushoto kitupu tangu asubuhi."

"Huita kila mtu hivyo," Upendo alisema haraka. Lakini kweli palikuwa na kigoda upande wa kushoto, na juu yake hapakuwa na vumbi.

Niliketi. Mzee alinipa kamba, ncha moja tayari amechomeka chini kulia. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mkavu. Alinyanyua kidole kidogo, chenye ukucha ule ule mrefu, akagonga ubao mara mbili.

Ta, ta.

Nyuma yangu nikasikia kapu la mikate likianguka.

"Haloo, Makambako?" alisema Mzee Athumani. Sina namna nyingine ya kuandika. Ilikuwa ile sauti, na kikohozi chake kidogo cha mtu wa barabarani. "Zuhura?"

Zuhura alikuja akasimama karibu na bega langu. "Baba," akasema. "Ni mimi."

Baba alimuuliza kama wanakula vizuri kituoni. Alimwambia mvua za Njombe si mchezo. Alieleza kwamba anateremka Manda, amepata mzigo. Zuhura alijibu kila kitu, na majibu yake yaliingia katika vituo vile bila kugongana na neno. Hakuwa anakumbuka; alikuwa anajibu.

Mimi nilikuwa natazama saa. Niwaambie nilichokuwa nafikiri, maana ndicho kilichonifanya niandike. Nilijua mambo mawili. Nilijua kwamba huyu mzee alisikiliza kibandani kwa dakika moja, kwa hiyo jibu lilikuwa ndani yake. Na nilijua kwamba baada ya jibu ingefuata simu ya pili, ile ya Makambako kuniuliza laini imekuwaje, kwa kuwa mzee hakuwa anaruka kitu. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nikiivuta kidogo tu simu inakufa, na haitarudi. Ningeweza kusema nimeteleza. Kila mtu angeamini.

"Barua yako nimeisoma, Zuhura. Nimeisoma mara mbili. Kuhusu huyo Mfaume, jibu langu ni hili."

Akavuta pumzi.

Mshale ukafika. Na vidole vyangu, naapa, vilijikunja vyenyewe. Miaka kumi vilikuwa vinafanya hivyo. Mzee Tweve aligeuza kichwa taratibu, akanitazama kwa macho ambayo hayakunijua, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Kijana, dakika tatu."

"Mwache," nikasema. "Ameivuta, mzee. Bado ana neno."

Akageukia ubao.

"Usimtake," alisema Mzee Athumani. "Wala mimi sikumtaka, ni wadogo zangu walionibana. Baki na kazi yako. Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo kabla hujashika kalamu. Nikirudi kutoka Manda nakuletea samaki, mbasa, umpikie yule opereta mwenzako wa Njombe, ana sauti ya njaa." Akacheka. Akangoja. "Haloo? Makambako?" Akangoja tena, na safari hii Zuhura hakuweza kujibu. "Haya. Nasikia umenyamaza, najua unalia. Usilie, mama. Tutaonana keshokutwa."

Ta, ta. Alikuwa ameweka simu.

Pale pale, bila kupumua, mzee akatoa sauti ya msichana, kicheko chake kimekwisha: "Njombe, nilikuwa na simu yangu. Laini imekatika?"

Na nikajisikia. Sauti nyembamba, safi, ya kijana anayejiamini, ikitoka kwenye kinywa kile kisicho na meno.

"Imekatika, Makambako. Mvua."

Mzee alishusha pumzi, akachomoa kamba mkononi mwangu, akasema kuna baridi.

Sikuweza kugeuka. Nikasikia Zuhura akiokota mikate, mmoja mmoja, akiupangusa kila mmoja.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Mvua ilikuwapo?"

"Ilikuwapo. Si iliyokata."

"Na yeye," alimwonyesha mzee, "alijua miaka yote hii?"

"Alikuwa na kiapo. Na angesema ningefukuzwa."

Alimwendea Mzee Tweve, akainama, akamwamkia shikamoo kama mtu aliyewasili sasa hivi. Mzee akaitikia marahaba, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. "Wa Athumani," akasema. Mzee akafikiri, akasema hamjui.

Tuliteremka siku hiyo hiyo. Hakuhesabu kona. Karibu na Chimala, ukungu ulipotuacha, aliongea mara moja tu.

"Miaka kumi nampikia mtu kwa sababu ya mvua," alisema. Kisha, baada ya kona nyingine: "Wala si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya."

Imepita nusu mwaka. Ubao wetu umeuzwa, umekuwa rafu za duka la vipuri. Matundu bado yapo. Mimi natengeneza redio karibu na soko la Njombe, sina saa mkononi, na mwanzo wa mwezi huenda Matamba kukaa kiti cha kushoto, kwa sababu Upendo anasema mzee hula vizuri akiwa na mtu wa zamu. Simu ya Mzee Athumani hajaitoa tena, na Makambako haambiwi asubiri. Zuhura yuko kwa Mfaume. Alimwambia kila kitu, na sijui waliongea nini. Nikipita Makambako huingia dukani kwake, ananipa kiti, ananipa chai, anaulizia afya ya mama. Zamani aliniita Njombe. Sasa ananiita kwa jina langu.